Kiti ya Papa Chini ya Dirisha

Kamina, siku ya Mungu

Bwana yangu Zébédée,

Nalala tu, kama vile dokta aliomba, juu mimba isitoke. Mama yako anakata bikwembe byake bya zamani juu ya kufungia mutoto. Akienda ku soko, papa yako njo ananichunga. Unajua desturi: baba-mukwe haingiake mu chumba ya muke wa mutoto wake. Basi anaikala inje, chini ya dirisha, ananisomea Zaburi na sauti ya mwalimu, sawa vile niko kiziwi.

Siku ya ine damu ilitoka. Nililia. Papa aliingia bila kuuliza, akanibeba mu mikono mpaka ku pikipiki, akanipeleka ku hospitali. Usiogope, mutoto angali anachezacheza mu tumbo.

Lakini tangu pale papa hakukuja tena ku dirisha. Haya ilimushika. Alituma mama na kuku mweupe ya kuniomba musamaha. Nilikataa baichinje. Nikaita kwa nguvu: "Papa, bila Zaburi mutoto halale!"

Kisha nikasikia anavuta kiti.

Ukipiga telefone, omba kusema na papa kwanza, kisha mimi. Anaogopa utamukasirikia. Mwambie huyu mujukuu ni wake pia.

Muke wako anayekungoya,
Hulda