Mita Mia Saba za Lami

Ijumaa, 24 Machi

Mkutano wa klabu ya baiskeli, baa ya Mama Lutgard. Nilikaa pale pale mlangoni, karibu na makoti. Mjomba Jeroom kasimama, kasema mwaka huu Safari ya Maua haitakanyaga barabara ya magari. Hata mita moja! Changarawe tupu, kilomita arobaini na tano, katikati ya miti ya peasi iliyochanua. Watu wakapiga meza.

Halafu kasema anatafuta mtu wa kupanga njia. Miaka sita nabeba mishale yake. Miaka sita namfuata nyuma na kamba na koleo, natundika mshale kwenye kila kona ili waendeshaji wasipotee. Nani anavijua vichochoro vya hapa kama mimi? Nikafungua mdomo.

Brecht kanyoosha mkono.

Brecht! Yule wa mjini Leuven, kahamia hapa Septemba tu. Katoa simu, njia yote iko tayari humo, mstari mwekundu. Mjomba kavaa miwani, kaangalia, kasema, "Mwanangu, wewe ni hatari!"

Mwanangu.

Mama Lutgard akaniuliza kama nimemeza ulimi pamoja na bia. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumapili, 26 Machi

Sikwenda kuendesha na klabu. Nilikwenda kwenye tuta.

Hili sijamwambia mtu. Nyuma ya kiwanda kilichofungwa cha sharubati ya peasi kuna tuta la tramu. Ile tramu ya enzi za babu zetu, iliyokuwa inabeba viazi sukari na watu wa sokoni. Reli ziling'olewa, miiba ikameza kila kitu. Ni mali ya halmashauri, hakuna anayelikumbuka. Tangu Novemba nakata. Panga, mundu, toroli. Nikitoka kupogoa miti ya bosi, naenda pale. Chini ya miiba changarawe ya tramu bado ipo! Ngumu, safi, ukiipita inalia chini ya tairi kama mtu anatafuna sukari. Zimebaki mita thelathini.

Nilitaka limalizike ndipo nimwonyeshe mjomba. Hata maneno nilishayapanga. "Mjomba, njoo uone kitu." Maneno manne, nisije nikakwama.

Sasa nimwonyeshe ili iweje? Aliingize kwenye simu ya Brecht?

Jumanne, 4 Aprili

Brecht anaosha baiskeli yake kwa mswaki. Mswaki! Nilikuwa juu ya ngazi, ng'ambo ya barabara, naona kila kitu. Baiskeli yenyewe unainyanyua kwa vidole viwili. Soksi nyeupe. Nani anavaa soksi nyeupe kwenye tope la hapa?

Mjomba kapita na fimbo yake. Nyonga imemwonea sana mwaka huu, hata baiskeli kaacha. Kasimama kwa Brecht nusu saa nzima. Sikusikia maneno. Nilisikia kicheko — kile cha mjomba cha kujipiga goti. Nilidhani kile ni changu peke yangu.

Nikakata tawi lenye maua. Bosi kanifokea kutoka chini: "Warre! Hizo ni peasi zangu za mwezi wa tisa unazitupa chini!"

Jumatano, 12 Aprili

Mstari mwekundu una tundu!

Kuna njia kando ya shamba baada ya kikanisa cha njia panda. Kwenye simu ipo. Kwenye ardhi haipo, mwenye shamba kailima yote, kapanda viazi. Brecht hakwenda kuangalia. Sisi wa hapa tunajua, kila Machi unazunguka kuangalia nani kalima wapi. Simu haijui jembe.

Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: nilifurahi. Nilifurahi mpaka tumbo likapata joto.

Jioni kwa Mama Lutgard wakajadili. Iliyobaki ni barabara kuu. Mita mia saba za lami, na malori ya matunda yanapita pale kama yamefukuzwa. Mama Lutgard kasema, "Jeroom, ulituapia hata mita moja." Mjomba kavua miwani, kaikunja. Halafu kasema basi atasimama pale yeye mwenyewe. Na kitambaa chake cha rangi tatu za bendera mkononi na kile kibao cha kusimamisha magari, kama anavyosimama kila mwaka kwenye mashindano.

Lakini kwenye mashindano anasimama kona ya kanisani! Pale hupita trekta na bibi mmoja na mbwa wake.

"Na nyonga hiyo?" Mama Lutgard kamuuliza. "Lori likija utalikimbia kwa magoti?"

"Lori ndilo litanikimbia mimi. Mimi nimelitangulia kuzaliwa."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa natazama ile nyonga.

Wakati wa kutoka Brecht kanifuata pale nilipoegesha baiskeli. Kaongea polepole, kama mtu anayemkaribia farasi. "Warre, kaka, wanasema njia zote za hapa unazo kichwani. Kweli hakuna nyingine?"

Nikasema hakuna.

Rahisi hivyo! Ulimi wangu haufanyi kazi siku zote, leo umefanya.

Jumatatu, 17 Aprili

Mita thelathini zimekwisha. Tuta liko wazi, linaanzia kikanisani, linatokea bondeni, kule kule lami inakoishia. Nimelipita mara nne. Hakuna gari. Hakuna mtu. Sungura tu. Langu.

Alhamisi, 20 Aprili

Mjomba kaenda barabara kuu kufanya mazoezi na kibao chake. Brecht yupo naye, ndiyo, yuko naye kila mahali. Mimi nilikuwa kwenye trekta na makreti, nimesimama nasubiri kukata kona.

Lori limekuja. Mjomba kanyanyua kibao. Halikusimama. Honi tu, na upepo ukamvua kofia, kofia ikaviringika mpaka katikati ya barabara. Akaifuata! Polepole, na ile nyonga, mguu mmoja mmoja. Nyuma yake linakuja lori jingine.

Brecht kamvuta pembeni. Kaiokota kofia, kaipangusa, kamvika mwenyewe kichwani kama anamvika baba yake. Mkono kauacha begani kwa mjomba.

Mimi ningeweza kuruka kutoka kwenye trekta. Sikuruka. Sikuwa hata naangalia lori. Nilikuwa naangalia mkono.

Jumamosi, 22 Aprili

Siku ya mishale. Nilidhani safari hii atampa Brecht. Mjomba kanikabidhi mfuko mlangoni kwake. "Hii kazi ni yako, kijana wangu. Watu wakipotea nitajua wa kumlaumu." Kanipiga kofi la shingo. Niliendesha kilomita nzima na joto la lile kofi.

Sheria ya klabu iko hivi: mshale ukishatundikwa, umetundikwa. Aliyepanga njia mwenyewe haugusi. Siku ya safari watu wanafuata mshale.

Kikanisani nilisimama sana. Kulia, barabara kuu. Kushoto, tuta.

Nimetundika kushoto. Upande wa kulia nimefunga ile alama ya X, maana yake usipite.

Ningependa kuandika kwamba ni kwa ajili ya nyonga ya mjomba. Nusu ni kweli. Nusu nyingine nataka nimwone Brecht kesho, mstari wake unakwenda huku, watu wote wanakwenda kule. Nataka niuone uso wake.

Mjomba nitamwambia asubuhi. Kwa simu siwezi, kwenye simu maneno yananikwama kabisa.

Jumapili, 23 Aprili

Naandika nyuma ya makreti, nje ya hema ya klabu, bondeni. Ndani wanakula.

Asubuhi nilikwenda kwa mjomba saa moja. Kashatoka! Jirani yake kasema kabebwa na gari tangu saa kumi na mbili na nusu, apeleke meza bondeni, kisha akakae kwenye lami yake. Ningeweza kumfuata kule. Nilikwenda kikanisani. Nilitaka kuuona ule uso.

Wamekuja mia na ishirini. Brecht mbele. Kaangalia mshale, kaangalia simu, kafunga breki. Wa nyuma wakamvaa. Matusi! Mmoja kaanguka kwenye nyasi na baiskeli ya mkewe juu yake.

"Mshale ni mshale!" wazee wakasema.

"Simu inasema kulia!" Hao ni wageni, wale wa kutoka mbali. Wamejaziwa njia kwenye simu zao tangu wiki iliyopita. Hawaijui sheria yetu ya mishale. Wala mimi sikuwafikiria, hata kidogo. Miaka sita yote nilikuwa natundikia watu wetu tu.

Brecht kapiga kelele wasubiri. Thelathini hivi hawakusubiri, wakapita juu ya alama yangu, wakashika kulia. Na mjomba alishaambiwa watakuja kwa makundi ya kumi kumi, na Brecht mbele. Wakamtokea wote kwa pamoja, bila kiongozi, wamejaa barabara.

Honi. Ndefu. Halafu breki za lori, ule mlio.

Nilikimbia. Sijui baiskeli niliiacha wapi. Nikamkuta mjomba kasimama katikati ya barabara, kibao juu, na pua ya lori iko pale, ningeweza kugusa vyote viwili bila kupiga hatua. Nyuma yake wale thelathini. Hakuna aliyeguswa. Dereva kashuka, kakaa chini kwenye lami, kashika kichwa. Mjomba kafungua mdomo aseme kitu, hakikutoka. Yeye! Uso mweupe kama maua.

Tukamrudisha kikanisani, wale thelathini nyuma yetu, kashika bega langu. Langu. Kisha akauona mshale.

Kauangalia. Kaangalia X. Kauliza taratibu, na mjomba hasemi taratibu: "Nani kaamua hivi? Wangekufa pale. Mimi sijambo, nimekula miaka mingi. Lakini wale?"

Nikafungua mdomo.

Brecht kasema, "Mimi, mjomba. Nilimwambia Warre abadilishe jana. Kwenye simu nikasahau kubadilisha."

Watu wakamgeukia. Mama Lutgard kamwita punda wa Leuven mbele ya wote. Mjomba hakumtukana. Kageuka, kapanda tuta. Kainama na nyonga yake, kachota changarawe, kaipekua kwa kidole gumba. Kaangalia miiba iliyokatwa, pande zote mbili, mbali mpaka linapopinda. "Mama alinibeba hapa kwenda sokoni," kasema. Halafu kapenga kamasi kwa nguvu na kuwaambia watu wapite. Wakapita wote. Mia na ishirini, juu ya changarawe yangu, na kila mmoja anasema jinsi ilivyo nzuri!

Sasa hivi Brecht katoka hemani na bakuli la supu, kaliweka kwenye kreti. Nikamuuliza kwa nini alisema vile. Ndiyo, nilimuuliza, kwa mdomo wangu.

"Ulikuwa umegeuka rangi," kasema. "Lawama naiweza, mimi ni mgeni, watanisamehe. Lakini tuta siwezi kulibeba. Mikono yangu wanaiona, haina hata sugu. Mzee anataka kumshukuru aliyelisafisha, anauliza meza kwa meza. Ingia useme."

Halafu kasema, "Ila ukisema tuta, sema na mshale."

Karudi ndani. Hajakasirika hata! Angenipiga ningejua la kufanya. Hata wema wake namwonea wivu, namna anavyoutoa bila kuhesabu, kama mtu aliyezaliwa na ghala.

Nikiingia nikasema tuta ni langu, mjomba atajua ni nani alimsimamisha mbele ya lori lile. Nisipoingia, ni la Brecht. Na lawama ni yake, na mwisho hata hiyo lawama wataigeuza kuwa sifa, nawajua.

Hema iko wazi kidogo. Naona viatu vya mjomba na ncha ya fimbo. Viatu vinasimama. Kelele zinapungua. Anaanza kusema, sauti yake imerudi, lakini upepo unachukua maneno.

Nimesimama. Nimekaa tena.

Makofi. Mengi. Sijui wanampigia nani.