Tonton Asiyefika

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kisangani tuko wazima. Papa yako amerudi kutoka Opala na mchele mwingi, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama nami niliwahi kutaka kuacha hesabu, kama unavyotaka wewe huko Lubumbashi. Ndiyo, siku moja.

Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari. Mwalimu aliniita ubaoni nichore grafu ya fonksio ya moja gawanya kwa x. Machozi yakanilenga, nikaamua kwamba kesho sirudi shuleni. Ndipo rafiki yangu Asina akapaza sauti kutoka benchi la nyuma: "Véro, huyu si tonton wako, yule mjomba wa Yanonge? Kila siku anatuma habari eti yuko karibu kufika, lakini hafiki!"

Darasa zima lilicheka, hata mwalimu. Nami nikacheka, na katika kule kucheka nikaona: x inavyozidi kukua, mstari unaikaribia sifuri bila kuigusa. Nikauchora. Tangu siku ile kila fonksio tuliipa jina la ndugu. Ile isiyobadilika kamwe tuliiita Mama.

Njiani kurudi nyumbani nilimwambia Asina, "Bon, wewe unajua hesabu kweli."

Akashangaa. "Mimi? Sijui kitu! Nilisikia tu mwalimu anasema haifiki sifuri. Niliona unataka kulia."

Neema, huko darasani nani anakaa karibu nawe? Niandikie jina lake.

Anayekuwaza kila siku,
Koko Véro