Mwezi Ulioonekana Ujiji

Shule ya Msingi,
S.L.P. Tura,
20 Oktoba 1974

Kwa dada yangu Sikuzani,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ujiji, wewe na shemeji Omari na wadogo zake Maua, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama yupo Tabora, palepale Isevya, anakusalimu sana. Macho tu ndiyo yanamnyima raha ya kushona kofia. Mimi naendelea kufundisha hapa Tura. Tangu familia za pembeni zihamishiwe kijijini nina watoto sabini katika chumba kimoja, na ubao tunaupaka unga mweusi wa betri kuukuu.

Mwanao Maua hajambo na masomo yake yanakwenda vizuri. Ana ombi kwako, lakini anaogopa kukuandikia mwenyewe, kwa hiyo amenibebesha mimi. Ombi lenyewe halitaeleweka bila habari za Idd, nami nitaanza na hizo.

Nilishuka Tabora Jumatano tarehe 16, na Alhamisi alasiri nikamchukua Maua bwenini twende taarabu ya Idd. Ua wa klabu ni uleule, ila ukuta wake sasa umeandikwa kwa chokaa maneno ya kuhimiza kilimo, na kabla ya muziki katibu wa tawi alizungumza habari za mbolea hadi watoto wakasinzia. Unga wa ngano ulikuwa haupatikani dukani, basi tulikula mihogo ya kukaanga badala ya maandazi. Mengine yote yalikuwa kama zamani. Wanawake mikeka ya kushoto, udi na fidla kibarazani, Mzee Mabruki na dumbaki lake katikati, na ule ushungi wa kijani umetundikwa kwenye msumari kumngoja msichana wa kufungua wimbo.

Nilikuwa sijaingia ua ule tangu nilipokwenda sekondari. Nilivaa doti mpya nikakaa mkeka wa mbele, maana nilitaka mtu anikumbuke. Wazee wawili walikuja kunishika mkono, na wote wawili waliniuliza kama mimi ndiye mdogo wake Sikuzani. Dada, wewe uliufungua ule wimbo wa kupokea Idd miaka miwili tu. Mimi nilikaa nyuma yako na tari miaka yote miwili, na hakuna aliyeuliza habari za tari.

Msichana wa mwaka huu alivaa ushungi, akaanza vizuri, lakini ubeti wa tatu ulimpotea. Fidla ikazunguka mara moja, ikazunguka tena. Hapo Maua, palepale alipokaa kando yangu, bila kusimama, akauchukua ubeti ule akauimba mpaka mwisho. Nilisikia sauti yako, dada, na ile pumzi unayoivuta kabla ya neno la mwisho. Akina mama walianza kupiga vigelegele. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani. Nina miaka thelathini na moja, ni mwalimu, na nilimwonea wivu mtoto wa miaka kumi na mitano niliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo.

Mzee Mabruki sasa haoni vizuri. Alisimamisha dumbaki akauliza ni mtoto wa nani. Alipoambiwa, akasema mbele ya watu wote, "Mama yako alitudharau siku ya Idd kwa ajili ya karanga. Lakini wewe hukuwamo. Idd ya kuchinja njoo utufungulie."

Maua akasimama sasa. Unazijua hasira zake. Akasema, "Shikamoo babu. Mama hakumdharau mtu. Ninyi ndio mliomsahau, mkala Idd yenu yeye na bibi yake wakiwa wamefunga. Na amenikataza kuimba hapa."

Watu wakaguna. Mzee akageuza uso kuelekea nilipo, akasema, "Kuluthumu ndiye tuliyemtuma. Mwulizeni." Maua naye akanitazama. Nikajibu kwamba ni mambo ya zamani, watu wamekuja kusikiliza muziki. Bibi mmoja nyuma yangu akacheka.

Walipotawanyika nilimsogelea mzee, nikamwuliza kama anakumbuka mwaka ule aliyeimba badala yako ni nani. Akasema, "Nadhani mwaka ule hakuimba mtu."

Ombi la Maua ni hili. Shule inafungwa mapema Desemba. Anaomba abaki kwa mama Isevya hadi Idd ya kuchinja, na anaomba umwondolee katazo lako, aimbe. Ningeweza kukuandikia hayo tu, nawe ungekataa, na yangeishia hapo. Juzi niliandika barua ya namna hiyo. Nimeichana.

Sasa nisikilize, dada. Mwaka ule, 1957, mwezi haukuonekana Tabora kwa sababu ya mawingu, nasi tukaamka na daku zetu tumboni. Saa moja asubuhi ikaja simu ya maandishi stesheni kwamba mwezi umeonekana Ujiji. Watu wakafungua, wakaenda kuswali, na Mzee Mabruki akanituma mbio Ntalikwa nikakulete, maana kwa bibi mlikaa peke yenu kati ya mashamba na hakuna Mwislamu jirani wa kuwaambia. Wewe uliambiwa baadaye kwamba simu ilichelewa, hapakuwa na nafasi ya kukufuata. Aliyekuambia ni mimi.

Nilifika, dada. Saa nne nilikuwa nyuma ya ua wa minyaa. Ulikuwa unapukuchua karanga huku ukiujaribu wimbo, na bibi ameacha kazi anakusikiliza, mkono shavuni. Mimi bibi hakuwahi kunisikiliza hivyo. Nilisimama mpaka ubeti wa tatu ukaisha. Kisha nikageuka, nikarudi mjini, nikamwambia mzee umekataa kuja, eti una karanga zako.

Niliimba mimi. Wewe na bibi mkafunga hadi magharibi, siku ambayo haifai kufunga. Kesho yake ukaja umevaa nguo za Idd, ukakuta mikeka imekunjwa na ua umefagiliwa. Nilikuwa mlangoni. Hukulia. Uliuliza tu, "Hata mtu mmoja hakunikumbuka?" Nami nikakuambia simu ilichelewa. Mwaka haukuisha ukaolewa huko, na bibi akafariki akiamini kwamba watu wa mjini walimwacha.

Unajua kwamba mimi huandika habari zangu za kila siku kwa tarehe. Nimelitafuta daftari la mwaka ule. Mei 1 nimeandika mstari mmoja: "Leo Idd. Nimeimba mimi." Karatasi hiyo nimeikata na nimeitia humu. Sitaki kukaa nayo tena.

Mzee Mabruki nitamwambia mwenyewe, mbele ya watu walewale, ukitaka au usipotaka. Neno langu usilisamehe haraka. Ila Maua usimwadhibu kwa ajili yangu. Idd ya kuchinja mwezi wake hujulikana siku kumi kabla, hakuna atakayehitaji kutumwa. Ukikubali, nitamvalisha ushungi kwa mikono yangu, kisha nitakaa nyuma na tari. Siwezi kuahidi kwamba sitamwonea wivu. Naahidi kwamba nitapiga.

Barua hii sitaiacha ofisini na barua za shule. Nitashuka nayo stesheni, niingojee treni ya Kigoma, niitie mwenyewe mikononi mwa mtu wa posta.

Nisalimie shemeji na watoto, na majirani wanaonijua. Mama anasema umletee mawese ukipata mtu wa kumbebesha. Maua anakusalimu, hajui niliyoyaandika humu.

Ni mimi mdogo wako,
Kuluthumu