Vidonge Nilivyovitoa Sandukuni mwa Nasriya

Hail, Maskati

Mdogo wangu Kheiria,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye akikosa kazini siku moja tu, wizara nzima inakwenda kwa miguu, kwa hivyo ipokee kwa mikono miwili. Funguo za magari yote ziko kiunoni mwangu, na wakubwa wenye vyeti ukutani wananiamkia mie kwanza kabla ya kuamkiana wenyewe. Baada ya hayo nakuamkia na wewe. U hali gani? Mwanao Muatasim hajambo? Paa la Mbweni linavuja bado, au fundi ameshaona haya akaja? Sisi huku wazima, Alhamdulillahi, joto tu ndilo linalotukaanga. Wifi yako Masouda anakusalimu kwa sauti ambayo nnahisi umeshaisikia huko huko.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu lile kundi la ukoo halihifadhi kitu. Ukipiga chafya Unguja, kuna mtu huku Amerat anakuombea rehema. Skuli niliiacha mapema, na hasara waliipata wao, lakini hati yangu unaijua, basi isome polepole.

Bila shaka umeshasikia kwamba kaka yako ni mchoyo. Sikatai kwamba jambo lilitokea. Nalikiri kwa kifua mbele. Binamu yetu Nasriya alipokuwa anafunga sanduku la safari, tulijaa kwake kama kawaida yetu, kila mmoja na kifurushi chake cha kupeleka nyumbani. Huyu kaleta halwa, yule manukato, mwengine mafuta ya mgongo ya shangazi, na dawa, maana huku kwetu hakuna sanduku linalokwenda Unguja bila ya dawa za mtu kwenda kwa mtu mwengine. Nikaona Masouda anachomeka kitu ndani ya chupa ya chai. Nikaifungua mbele ya watu wote. Vilikuwa vidonge vyangu, amekufungia wewe, kwa mapenzi yake, kwa sababu ulimwambia hupati usingizi tangu marehemu mumeo atutoke, na yeye alikwambia kwamba mie siku hizi nnalala.

Nilivitoa nikavitia mfukoni. Na nikikuta wamevirudisha, nitavitoa tena.

Weye ungeliwasikia. Nasriya alisema hajapata kuona mwanamme anayempokonya mjane dawa. Kaka Sleiman, na ule ukubwa wake anaoubeba kama sinia la kahawa, aliniuliza vidonge vya presha vina thamani gani hata nimnyime dada yangu wa tumbo moja. Maana wote, isipokuwa Masouda, nilikuwa nimewaambia ni vya presha. Akasema pesa za wizara zimenigeuza roho. Nilimjibu kwamba roho yangu iko pale pale, ila yeye haoni mbali kwa sababu tumbo limetangulia. Masouda alinifinya.

Sasa nisikilize kwa nini. Unamkumbuka Bakhit, tunayefanya kazi pamoja, anayekaa Amerat? Alikuwa na mafua, anakunywa dawa ya maji ya mafua, ile inayolegeza macho. Shemeji yake akamuonea huruma akampa kidonge chake cha usingizi. Asubuhi yake Bakhit akashika gari, usingizi bado umo kichwani, akateremka nao mlima wa Amerat. Gari ilipanda ukingo wa barabara ikaning'inia pale kama kanzu kwenye kamba. Polisi walipomfungulia mlango aliwaomba wazime taa na wafunge dirisha. Mie niliitwa nikaiinua ile gari kwa mkono mmoja. Waliokuwepo wanasema kulikuwa na winchi. Ilikuwepo, ilikuja kusaidia. Lakini Bakhit mbavu zimevunjika kweli, hilo sikulitia chumvi, na shemeji yake mpaka leo hamtazami usoni.

Na wewe una vidonge vyako vya presha, presha ya kweli. Muatasim ameniambia kwamba siku hizi unakunywa na dawa ya mafua bila mafua, upate kusinzia tu. Juu ya hayo uongeze vyangu? Daktari wangu aliniambia nilichopimiwa mimi ni changu peke yangu, hata Masouda tunayekula sahani moja asikionje. Aliniuliza kila nnachokunywa, dawa za spitali, za dukani, mpaka habasoda. Nilimwambia yote, na mimi unanijua, kusema yote ni kazi ninayoiweza. Kile cha usingizi alinipa kwa muda mfupi tu, akanikataza kukizoea, akanikataza gari mpaka ajue kinanifanya nini. Hebu fikiri, mimi, kukatazwa gari.

Kile chengine ndicho cha kila siku, na ndicho Masouda alichokufungia kwa wingi akidhani vyote ni vya usingizi. Hicho hata ungekimeza usingelala. Kinachukua wiki kadhaa kabla hujaona tafauti, na mwanzo kilinichafua tumbo, nikataka kukitupa chooni. Daktari akasema nivumilie, nimpigie simu nikizidiwa, na nikijiona mzima nisikiache ghafla, nirudi kwake tukipunguze pamoja. Hata Ramadhani sikujiamulia. Nilimuuliza, akanihamishia saa mpaka baada ya kufuturu, na saumu yangu ikatimia.

Sasa nikwambie ni cha nini, kama nilivyowaambia wao siku ile sanduku likiwa wazi. Si cha presha, Kheiria. Presha yangu ni ya kijana. Ni cha huzuni na wasiwasi. Tangu mama kufa nilikuwa nawachekesha watu huku kifua kinanibana. Nafika nyumbani naegesha gari, nashindwa kushuka. Nakaa tu, mikono kwenye usukani, mpaka Masouda aje kunigongea kioo. Basi nnakunywa kidonge, na nimeanza kushuka garini mwenyewe.

Kaka Sleiman akasema hayo ni upungufu wa imani, nizidishe kusoma Qurani. Nilimwambia nnasoma, na yeye pia anasoma, lakini anasoma na miwani. Kama miwani haikumpunguzia imani, kidonge changu kimpunguzie nini? Alikwenda zake bila ya kunywa kahawa. Na kwenye kundi la ukoo najua naitwa mwendawazimu. Waandike. Mwendawazimu huyu analala na anakula, na funguo za wizara bado ziko kiunoni.

Lakini weye ulimwambia Masouda neno jengine, kwamba ungetamani ulale usiamke tena. Ndiyo maana sikutaka sanduku likuletee kidonge hata kimoja. Nakutaka wende spitali, Muatasim akupeleke, wiki hii hii, na neno hilo umwambie daktari kama lilivyo, usilipunguze. Mpaka hapo Muatasim asikuache peke yako, na hivyo vichupa vya mafua avitie mfukoni mwake. Nimeshamuamuru. Ukinikasirikia, kasirika, ila wende.

Nasriya anakuletea barua hii pamoja na halwa. Watoto wanakubusu mikono. Nisalimie majirani, na yule fundi wa paa mwambie namjua.

Najua unaona haya kuingia mlango ule wa daktari, na unadhani mie niliingia kama waziri, maana ndivyo nnavyowasimulia watu. Basi nikwambie, na Sleiman asijue. Daktari aliponiuliza nani mgonjwa, nilimuonyesha Masouda. Na Masouda, maskini, alipimwa presha, akaulizwa analia mara ngapi kwa wiki, akajibu yote mpaka kalamu ya daktari iko kwenye karatasi ya dawa, ndipo nikasema ni mimi. Weye ukiulizwa, sema mapema.

Ni mimi kaka yako,
Jaifar