Ndiyo Niliyoisema Bila Kusikia

Jumatatu, 2 Juni
Nimetembea mpaka Ediofe na kurudi kabla jua halijawa kali. Goti linalalamika. Dawa ya presha, nimemeza. Chai bila sukari, bado siipendi. Mchana majani ya kunde, chumvi kidogo sana.

Yote haya kwa ajili ya kichwa. Tangu dada yangu Poni aanze kupotewa na akili kule Dranya, nalinda changu. Daktari alisema: tembea, angalia presha, lala vizuri, kaa na watu. Hiyo ya mwisho siifanyi. Watu wananichosha. Wanaongea wakitazama kando, wanacheka, sijui wanacheka nini. Tangu mume wangu Lemi afariki, nyumba hii ya Pajulu, hapa Arua, ina mimi tu.

Alhamisi, 5 Juni
Maharagwe yameungua. Nilitoka kufua, nikayasahau kabisa. Moshi ndio ulioniita.

Sokoni mwanamke alinisalimia kwa furaha, akauliza jambo. Nikajibu, "Nyanya." Wote wakacheka. Nikacheka nao. Nyumbani sikucheka. Poni naye alianza kwa kuunguza sufuria.

Jumapili, 8 Juni
Mwanangu Taban amepiga simu kutoka Kampala, kama kila Jumapili. Mtandao mbaya, watoto wake wanapiga kelele. Ameongea muda mrefu. Nilisema ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Sawa. Sikutaka kumwambia arudie. Nikimwambia hivyo huwa anavuta pumzi kama aliyebeba gunia.

Jumanne, 10 Juni
Wamekuja mtu na mkewe, wafanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Watu wa heshima. Wakaanza kuangalia madirisha. Mume akapaza sauti: "Mama, sisi nakuja kuona nyumba. Taban nasema mama nahama mwezi ujao."

Nyumba yangu. Matofali haya tuliyachoma wenyewe, mimi na Lemi.

Nikampigia Taban. "Mama, nilikuambia Jumapili. Uje ukae na sisi, nyumba tupangishe. Ulikubali. Hukumbuki?"

Sikumbuki. Hata neno moja. Naogopa. Naandika tena: naogopa.

Ijumaa, 13 Juni
Dranya. Nilitaka kumwona Poni, nione ninakokwenda. Alikaa mkekani, safi, nywele zimesukwa. Binti yake Keji anamtunza vizuri. Poni alinitazama, akamgeukia Keji.

"Hii mama iko ya nani?"

Nilimshika mkono. Akanivumilia, kama mtu anavyomvumilia mgeni. Utoto wetu wote tulilala mkeka mmoja.

Baadaye nilisimama uani natazama barabara. Ghafla Keji akatokea mbele yangu. "Mama mdogo, mimi naita wewe, naita, hujibu. Masikio yako iko sawa?"

Nilikasirika. Nikaaga. Lakini njia nzima ya kurudi Arua nimekuwa na swali lake. Miaka ile yote tuliyoishi Koboko, mimi na Lemi tulikuwa na mashine ya kusaga. Ilinguruma kutwa kando ya kichwa changu. Tulizungumza kwa mikono.

Jumatano, 18 Juni
Hospitali. Walinifunika masikio, wakasema niinue mkono kila nikisikia mlio. Mkono ulikaa pajani muda mrefu.

Kisha kichwa. Daktari, binti mpole, alikaa uso kwa uso nami, akataja maneno ya kukumbuka. Akaniuliza mambo mengine, halafu akayataka yale maneno. Nikayataja. Moja tu lilinitoroka. Akasema hilo halimtishi, nirudi mwakani tuangalie tena. Masikio ndiyo mabovu. Kutosikia kunauchosha ubongo, akasema, tena kunamfungia mtu nyumbani, na kule kujifungia kunaudhoofisha zaidi. Wataniagizia kifaa.

Sikusahau maneno ya Taban. Sikuyasikia. Nimelia kwenye benchi, watu wakinitazama.

Maharagwe lakini niliyasahau kweli. Hilo nitaishi nalo.

Alhamisi, 19 Juni
Nimempigia Taban. Nimemwambia aongee polepole. Nimemwambia nilisema ndiyo bila kusikia, kwa aibu. Nimemwambia sihami.

Taban akasema: "Sawa, mama. Nitawaambia wale watu watafute kwingine. Lakini huko utaongea na nani?"

Hilo nililisikia vizuri.

Jumamosi, 28 Juni
Nimekwenda Ediofe kwa kina mama wa jumuiya. Wanabambua karanga pamoja kila Jumamosi. Walinipa nafasi mwisho wa benchi. Maneno yalipita juu yangu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nimeondoka mapema, nikasingizia tumbo.

Upweke wa katikati ya watu ni mbaya kuliko wa nyumbani.

Jumatano, 16 Julai
Nimepewa kifaa. Kinawasha sikio. Nasikia kuku. Nasikia maji yakichemka. Nasikia miguu yangu sakafuni, sikujua naiburuta.

Halafu nikakaa kuisikiliza nyumba. Tangu siku ile ya hospitali nilidhani kimya hiki ni masikio. Siyo. Nyumba iko kimya kweli.

Nimekaa hapo mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 19 Julai
Nimerudi kwa kina mama. Nilisimama nikasema kabla aibu haijanishika: "Mimi sisikii vizuri. Mukiongea na mimi, munitazame."

Nikatamani kutoka. Kisha mmoja, Mama Ayikoru, mjane kama mimi, akabeba kigoda chake akakiweka mbele yangu. Akanisimulia habari za mbuzi wake aliyekataa kula. Nimesikia karibu yote. Palipopotea nimesema, rudia. Akarudia, bila kuvuta pumzi.

Sasa mvua inanyesha Pajulu. Nimekaa mlangoni peke yangu. Jumatatu nitatembea upande wa kwake, niulize kama mbuzi amekula.