Kitinda Mimba Anatafuta Kazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jambo, na kwa kuwa humu hasomi mtu mwingine naliandika wazi: ninakufa. Daktari hakuzungusha maneno. Moyo umechoka, alisema, dawa zitausukuma miezi michache, basi. Nilimwomba anieleze nikiwa peke yangu. Mkwe wangu, aliyenipeleka, alibaki nje kwenye benchi akichezea simu. Tulipokuwa garini nikamwambia ni presha tu.

"Presha siku hizi kila mtu anayo, Mzee," akasema, kisha akaanza kunieleza habari za jokofu la mteja. Mkwe ni fundi wa majokofu. Kwake yeye kila kitu hujazwa gesi kikaendelea.

Sababu ya kuficha ni Kitinda, binti yangu wa mwisho. Nakaa kwake. Alikuwa na kazi nzuri kwenye maabara ya maji, akaiacha nilipoanguka bafuni ili aje kuniuguza. Sasa anatafuta nyingine. Akijua hali yangu hatavuka geti hili mpaka anizike. Namjua. Kwa hiyo kimya!

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya usaili, kwenye meza ya kulia. Jopo ni mimi. Nilikuwa ofisa utumishi maisha yangu yote. Nimehoji watu mpaka nikawa nawajua kwa wanavyovuta kiti. Nikamuuliza udhaifu wake ni upi.

"Udhaifu wangu ni kujituma kupita kiasi."

Jamani! Kumsomesha kote kule! Nikamwambia kila niliyemhoji alijituma kupita kiasi, na bado ofisi yetu ilikuwa tupu kila Ijumaa mchana.

"Sasa niseme nini, Baba? Kwamba asubuhi nina hasira?"

"Ndiyo. Halafu uwaambie unavyoizuia."

"Siizuii."

Mkwe alicheka mpaka bisibisi ikamtoka mkononi. Halafu, kwa nia njema — nia njema za Mkwe zitanimaliza kabla ya moyo — akatuletea simu tumtazame kijana mmoja aliyevaa suti ya kumbana, anafundisha namna ya kupatanisha kazi na maisha ya nyumbani. Eti kazi ibaki kazini, nyumbani ubaki na wako. Anatabasamu kila akimaliza sentensi. Kijana yule hajawahi kumgeuza mgonjwa kitandani. Nikasema azime.

Alhamisi, 6 Machi

Ameitwa! Mkuu wa maabara ya maji, ngazi mbili juu ya kazi aliyoiacha. Ila ni mji mwingine, safari ya basi ya kutwa nzima. Atakuwa anarudi kila mwisho wa mwezi. Usaili ni Jumatatu, kwa kompyuta, hapa hapa sebuleni.

Mkwe akasema nisiwe na wasiwasi, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Dawa, chakula, kuogesha, yote yeye.

Kuogesha! Mkwe aniogeshe mimi! Nikasema nitaoga mwenyewe.

"Baba, hata soksi huwezi kuvaa mwenyewe," akasema Kitinda.

"Mzee, mimi nitafumba macho," akasema Mkwe.

"Ukifumba utanimwagia maji ya moto."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kwa kuwa walikuwa wananitazama.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya hovyo. Nimemkalisha tena mezani kwa sababu ya swali moja tu. Watamuuliza atafanyaje na familia. Mwanamume hawamuulizi. Najua, maana nilikaa upande ule wa meza na sikuwahi kumuuliza hata mmoja.

Nikamweleza: jibu kwa ufupi, kisha nyamaza. Ukimya ni mtego wa jopo. Sisi tulikuwa tukinyamaza makusudi, mtu anababaika, anajaza pengo kwa maneno, anajimaliza mwenyewe. Nimewapoteza watu wazuri hivyo, na jioni nikala nikashiba.

Tukajaribu. Akajibu vizuri, nikanyamaza — akaongeza. Tena. Akaongeza! Mume wake, marafiki zake, jirani mwenye gari, ratiba ya dawa zangu. Nikagonga meza. "Umeulizwa hayo? Nani amekuuliza hayo?" Akainuka akaenda jikoni, sufuria zikalia kama duka linahamishwa. Mkwe akachungulia mlangoni, akaona nyuso, akarudi kwenye majokofu yake.

Baadaye alirudi mwenyewe. "Haya, niulize." Nikauliza. Akajibu kwa maneno machache. Nikanyamaza. Akanikazia macho. Ukimya ukakaa pale mezani kati yetu, yeye hata kope hazitikisiki, mpaka aliyekohoa kwanza ni mimi.

Amefuzu. Nilipaswa kufurahi kuliko nilivyofurahi.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilitoa amri kama zamani. Redio izimwe. Jokofu lichomolewe, linanguruma. Mkwe asigonge chuma chochote, akawaambia na wateja wake wangoje nje ya geti. Kompyuta ikawekwa juu ya vitabu vyangu ili wasimwone kwa chini, puani. Kitinda alivaa blauzi ya heshima juu, na chini sketi yake ya kudekia. Mimi nikalazwa chumbani, mlango nusu wazi, nisikie.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kukwaruza, aliongea kidogo na kusikiliza sana. Hao ndio hatari. Kitinda akajibu. Habari za vipimo, za mabomba machafu, za fundi aliyewahi kumdanganya matokeo. Hata udhaifu wake aliutaja, hasira na asubuhi vyote, nikawasikia wanacheka.

Kisha likaja lile swali. Akajibu:

"Baba yangu ni mgonjwa. Mume wangu atakuwa naye, tumeshapanga. Kwa upande huo niko tayari."

Wakanyamaza. Naye akanyamaza. Hakuongeza neno! Hakuna aliyewahi kufanya vizuri zaidi mbele yangu.

Ndipo pumzi ikanibana. Nikaita. Nikaita tena, kwa nguvu. Nikasikia kiti kinaanguka, akaja mbio miguu mitupu, akaniinua, akanifungua vifungo, akanipepea kwa gazeti. "Baba, nitazame. Baba!" Hakuniacha mpaka aliposema rangi imenirudia. Aliporudi sebuleni jopo lilikuwa limeshakata mawasiliano.

Jumanne, 11 Machi

Yule mwenyekiti kapiga simu mwenyewe. Amesema naye aliwahi kuuguza mzazi. Usaili umaliziwe kesho saa nne, yamebaki maswali machache tu.

Wangapi hupewa nafasi kama hiyo? Mimi sikumpa mtu.

Kitinda kamjibu atamjulisha. Atamjulisha! Basi wakagombana barazani, chini ya dirisha langu. Wanadhani mtu akiishiwa miguu, masikio nayo yameondoka.

Mkwe: watu wanaitafuta nafasi hii kwa tochi, wewe unaitupa?

Yeye: na jana ningekuwa kule, je? Ungenipigia nikwambie nini, mpe maji?

Mkwe akasema angefanya yale yale aliyofanya yeye. Angeniinua, angenipepea.

"Hukusikia alivyoniita," akasema Kitinda. "Tangu nizaliwe Baba hajawahi kuniita vile."

Mkwe akarudi kwenye majokofu yake.

Leo nimekasirika na kila mtu. Redio inapiga kelele, shuka limekunjamana mgongoni, Mkwe ananiuliza kila saa kama napumua. Napumua! Niacheni!

Jumatano, 12 Machi

Saa tatu imepita. Ameingia na chai, akaketi kitandani, simu mkononi. Amevaa nguo za nyumbani, juu na chini.

"Nawapigia sasa hivi, wampe mwingine. Kazi zitakuja, Baba. Usinifanyie uso huo."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema chai imepoa.

Amekwenda kuipasha moto. Simu ameiacha hapa, karibu na goti langu. Birika nalisikia. Mkwe amerudi nyuma, anagonga chuma kwa hasira, na hakuna wa kumkataza.

La daktari naweza kumwambia akiingia. Hilo si gumu. Nikilisema nitaonekana baba mwema aliyemfichia mwanawe uchungu. Atalia, atanishika mkono, na kazi itapotea moja kwa moja. Lenye kumtoa humu ndani ni jingine, na nimelizunguka siku mbili, hata humu ambamo hasomi mtu.

Birika limeanza kulia.

Jumatatu pumzi haikunibana. Kifua kilikuwa chepesi, nimelala vizuri kuliko siku nyingi. Nilimsikia anajibu, nikasikia ninavyopangwa nikapangika, nikasikia anavyonyamaza kama nilivyomfundisha. Nilimwita kwa sababu alikuwa anafaulu.