Mzima, Alhamdulillah

Jumanne, Mabawa

Na nimesema, mimi nisiyefungua kinywa, mbele ya mgeni. Bado siamini.

Dada Rehema, anayetafiti afya ya wazee, alikuwa barazani kwetu akimhoji Bibi. "Afya yako ikoje, Bibi?"

"Alhamdulillah, mwanangu. Mzima."

Akaandikwa mzima. Na magoti yale yanavyomuuma.

"Mtaa mzima hakuna mzee mgonjwa," Dada Rehema akacheka. "Nani ataamini takwimu zangu?"

Nikasema, kwa sauti ya mbu, kwamba Bibi hajajibu swali, amemshukuru Mungu tu. Kwa Kiingereza, lilikotafsiriwa, lile ni swali, kwetu ni salamu, na mgeni hapokelewi kwa malalamiko. Muulize anaswali vipi.

Akamuuliza.

"Kwenye kiti, tangu Ramadhani," Bibi akasema. "Kusujudu naweza, kuinuka ndiyo kazi. Na huyu bubu wangu, leo ulimi kaupata wapi?"

Tukacheka wote. Bibi atapelekwa kupimwa magoti, hatimaye. Swali limebadilishwa, na kesho Dada Rehema anawarudia wazee wote waliokwisha kujibu. Ameniomba tufuatane, niwaulize mimi.

Naogopa. Lakini baibui nimeshalipiga pasi.